Mwanakemia Aliyekosa Mashine Akaokota Konokono

Bamvua likipwa Msimbati, kwetu pwani ya Mtwara, bahari hurudi nyuma mpaka mgeni akadhani imehama. Kina mama hutangulia mwambani na mikonzo yao kuchokoa pweza, watoto hufuata na ndoo wakiokota kila kinachong'aa. Mama mkubwa aliyetulea alikuwa na sharti moja tu: konokono mwenye gamba la umbo la pia, ile pia ya kuchezea kwa kamba, asiokotwe kwa mkono. "Ana mwiba mdomoni," alisema, basi. Tuliona ni vitisho vya watu wazima, maana magamba hayo ndiyo mazuri kuliko yote mwambani. Mengine yana madoa kama chui, mengine yamechorwa kama kanga.

Nimelikumbuka sharti lile wiki hii kwa sababu ya mpwa wangu. Amemaliza kidato cha nne, amefaulu vizuri, na kila jioni tunabishana juu ya tahasusi. Anataka PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Nilipomtajia mambo ya bahari akacheka. "Mjomba, bahari si ya wavuvi? Mimi nataka maabara." Kichwani mwake kuna sayansi ya koti jeupe na sayansi ya kutembea na matope, na anayekwenda kwenye matope ni yule ambaye koti halikumtosha. Nikamwambia akae, nimsimulie habari za Mfilipino mmoja. Hayo niliyomsimulia ndiyo nayaandika hapa, pamoja na yale aliyoniuliza hadi nikalazimika kuyafikiri upya.

Baldomero Olivera alizaliwa mwaka 1941 huko Ufilipino. Alisoma kemia Chuo Kikuu cha Ufilipino, akaenda Marekani, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1966 katika Taasisi ya Teknolojia ya California, kisha akahamia Stanford kufanya kazi na mwanabaiokemia Robert Lehman. Mwaka 1967 maabara kadhaa, ya Lehman ikiwamo, zilifikia jambo moja karibu wakati mmoja: zilikipata kimeng'enya kiitwacho ligasi. Uzi wa DNA ukikatika, ligasi ndiyo inayounga ncha mbili, kama mvuvi anavyounga uzi wa wavu uliochanwa na mwamba. Bila ligasi, kazi nyingi za kupandikiza jeni tunazozisikia leo zisingeanza. Kijana wa miaka ishirini na kitu aliyeshiriki ugunduzi huo alikuwa na kila sababu ya kubaki Marekani.

Akarudi Manila. Huko hakukuwa na mashine za kuendelea na kazi ya DNA, wala kemikali zenyewe hazikupatikana kirahisi, na kushindana na maabara za Marekani kwa mikono mitupu ni kujichosha. Ikambidi ajiulize ni swali gani linaloweza kuulizwa kwa vichache vilivyopo. Tangu utotoni alipenda kukusanya magamba ya baharini, na alijua kwamba kuna konokono mmoja katika maji ya kwao anayeua watu. Jina lake la kisayansi ni Conus geographus. Swali likawa: ndani ya sumu ile mna nini? Kwa kuanzia lilihitaji konokono, panya na subira. Akaungana na Lourdes Cruz, mwanabaiokemia wa hukohuko Ufilipino, wakaanza.

Wapo wanaopenda kuisimulia sehemu hii kana kwamba uhaba wa vifaa ni baraka. Nimegundua wasemao hivyo mara nyingi wana vifaa. Olivera mwenyewe hatimaye alihamishia maabara yake Chuo Kikuu cha Utah, jimbo la milima na jangwa lisilopakana na bahari yoyote, na huko ndiko sehemu kubwa ya kazi ya konokono ilikofanyika. Lakini konokono wenyewe, na wavuvi wanaojua walipo, walibaki Ufilipino, naye hakuacha kwenda na kurudi.

Sasa tumtazame mnyama mwenyewe, ambaye hapa nitamwita koni kwa kufuata jina lake la kisayansi. Spishi za koni duniani zinakaribia 1,000, na nyingi zimo katika bahari ya joto kuanzia pwani yetu hadi Pasifiki. Wengi wao hula minyoo ya baharini. Wengine hula konokono wenzao. Wachache hula samaki, na hapo ndipo akili inapokwama. Konokono hutambaa, samaki huogelea. Anamkamataje?

Jibu la kwanza la uhakika lilitoka kwa mtu ambaye si mwanakemia. Alan Kohn alikuwa mwanaikolojia, mtu wa kukaa miambani Hawaii akihesabu nani anakaa wapi na anakula nini. Mwaka 1956 alichapisha maelezo ya koni wanaokula samaki. Baadaye alionyesha kwamba spishi nyingi za koni zinaweza kuishi mwamba mmoja kwa sababu kila moja ina chakula chake: huyu mnyoo wa aina hii, yule mnyoo wa aina ile. Sifa hiyo ya koni kugawana meza tuishike, tutaihitaji baadaye.

Silaha ya koni ni jino. Si jino la kutafuna. Ni jino lenye uwazi ndani kama sindano na vinundu vya kunasia kama chusa, na hukaa mwisho wa mrija unaochomoka mdomoni. Koni huusogeza mrija taratibu mpaka ugusane na samaki, halafu jino linafyatuka na sumu inaingia. Kwa baadhi yao samaki hukakamaa papo hapo, mapezi yamesimama, na koni humvuta mdomoni kama mtu anayevuta mshipi. Lazima iwe papo hapo. Samaki akipata hata nusu dakika ya kuogelea, atafia mbali na ataliwa na mwingine. Mwindaji asiyeweza kukimbiza hana budi kuwa na sumu isiyohitaji kumkimbiza mtu.

Mama mkubwa, basi, hakukosea hata neno.

Tukirudi kwa Olivera na Cruz, walitarajia kukuta sumu moja. Wakakuta kundi. Kila kiungo cha kundi hilo ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa amino asidi, vilevile vinavyojenga protini. Minyororo mingi ya koni ina amino asidi kati ya 10 na 30 tu, na hufungwa kwa viungo vya salfa vinavyoushika usilegee, kama kipande cha kamba kilichopigwa mafundo mawili au matatu hadi kikawa na umbo lake la kudumu. Umbo hilo ndilo ufunguo, na hapa inabidi nieleze kufuli.

Msuli hausogei wenyewe. Ujumbe hutoka kwenye ubongo au uti wa mgongo, hupita katika neva kama umeme kwa kufungua vilango vinavyoingiza sodiamu. Ukifika mwisho wa neva, vilango vingine hufunguka na kuingiza kalsiamu. Kalsiamu ikiingia, neva humwaga kemikali iitwayo asetilikolini kwenye mwanya mdogo kati yake na msuli. Upande wa pili, msuli una kipokezi kinachoidaka. Ikidakwa, vilango vya sodiamu vya msuli wenyewe hufunguka, na msuli unakaza. Njia hiyo ina vituo vinne hivi, na ukiziba kimoja tu mnyama anapooza.

Wavuvi wetu wanamjua bunju na wanajua kwa nini haliwi ovyo. Sumu ya bunju huziba vilango vya sodiamu. Sumu ya fira huziba kile kipokezi cha msuli. Olivera na wenzake waligundua kwamba koni mla samaki ana peptidi ya kuziba kipokezi kama fira, nyingine ya kuziba vilango vya sodiamu vya msuli kama bunju, na ya tatu ya kuziba vilango vya kalsiamu mwisho wa neva. Mnyama mmoja kazima njia moja mahali patatu. Hapo mpwa wangu akauliza swali zuri: kama moja inatosha, tatu za nini?

Kabla ya kumjibu nilimpa kitendawili kingine, kwa sababu ndivyo ilivyotokea kwa watafiti wenyewe. Sumu ilipochujwa na kila sehemu kudungwa kwenye tumbo la panya, sehemu chache zilipooza panya na nyingi hazikufanya lolote. Ungeweza kuzitupa. Kule Utah, mwanafunzi wa shahada ya kwanza, Craig Clark, akataka kuzidunga moja kwa moja kwenye ubongo wa panya. Matokeo yakawa sarakasi. Sehemu moja ilimfanya panya alale, nyingine ajikune bila kukoma, nyingine atetemeke. Zile zilizodhaniwa takataka zilikuwa na kazi, ila kazi yake haikuwa kwenye msuli.

Ile ya usingizi iliwashangaza zaidi, kwani panya wachanga ililaza na panya wakubwa iliwafanya warukeruke. Wakaiita konantokini. Jina hilo halitoki Kigiriki wala Kilatini. Limetoka kwenye neno la Kifilipino antokin, mtu mwenye kusinzia. Nimelipenda kwa sababu zangu. Tumezoea kudhani neno la kisayansi lazima litoke mbali.

Hadi hapo baiokemia ilikuwa imejibu "nini". Walikuwa na vichupa vingi vyenye majina na maumbo yanayojulikana, kwani spishi moja tu ya koni hutoa peptidi 100 au 200, na spishi jirani hutoa nyingine tofauti kabisa. Lakini orodha si maelezo. Ili kujua kwa nini kuna peptidi nyingi hivyo, iliwalazimu wafanye alichokifanya Kohn: kumweka koni kwenye tangi, kumpa samaki, na kukaa kumtazama. Mwanakemia akageuka mwanaikolojia, si kwa kubadilisha fani bali kwa sababu swali lake lilikuwa limemvusha mpaka bila kumwomba ruhusa.

Walichokiona kikapanga zile peptidi kwa makundi, na Olivera aliyaita kwa neno la Kiingereza linalomaanisha watu waliokula njama pamoja. Mimi nasema genge. Genge la kwanza ni la radi. Peptidi moja huacha vilango vya sodiamu wazi visifunge, nyingine huziba vilango vya potasiamu ambavyo kwa kawaida hutuliza neva. Matokeo ni neva zote karibu na jeraha kupiga kelele kwa pamoja, na samaki anakakamaa kama aliyeshika waya wa umeme. Hilo ndilo linalomkamata kwa nukta hiyo. Genge la pili ni la msuli, lile la vituo vitatu, nalo huchelewa kidogo kwa sababu sumu lazima isambae mwilini. La kwanza linamzuia samaki asikimbie, la pili linahakikisha hataamka. Mpwa wangu akawa amepata nusu ya jibu lake: sumu nyingi si za kazi moja, ni zamu.

Conus geographus ana mtindo mwingine. Huyu huwinda usiku, hupanua mdomo mpana kama mdomo wa mgono, akaingiza samaki wadogo waliojificha kwenye nyufa za mwamba, wakati mwingine kadhaa kwa mpigo, ndipo awachome mmoja mmoja humo ndani. Samaki hawapambani. Wanaonekana kama waliolewa. Zile peptidi za ajabu za kulaza panya zinaleta maana hapa: kazi yake ni kumtuliza samaki kabla hajajua yuko wapi. Mwaka 2015 watafiti wa Utah, Helena Safavi-Hemami na Olivera wakiwamo, wakaeleza jambo lililowashangaza hata waliozoea mambo ya koni. Katika sumu ya geographus wamekuta insulini. Si ile anayoitumia koni mwilini mwake, bali insulini inayofanana na ya samaki. Samaki akiipata, sukari yake ya damu huporomoka na nguvu humwishia.

Kwa mtu mwenye kisukari hilo si hadithi ya samaki tu. Insulini ya binadamu ina amino asidi 51, na molekuli zake hupenda kushikana sita sita, kwa hiyo ikidungwa huchukua muda kuachana kabla ya kufanya kazi. Ya koni ina 43. Imekosa kile kipande kinachosababisha kushikana, kwa kuwa koni hana muda wa kusubiri. Wanaotengeneza insulini ya kufanya kazi haraka wamekuwa wakiisoma kwa makini tangu hapo.

Dawa iliyokwisha kutoka ni nyingine. Michael McIntosh, kijana aliyeanza kazi katika maabara ya Olivera akiwa ametoka tu sekondari, aliitenga kutoka kwa koni aitwaye Conus magus ile peptidi ya kutetemesha panya. Ina amino asidi 25 na mafundo matatu, na huziba aina moja tu ya vilango vya kalsiamu. Hapa kuna jambo ambalo ukilielewa umeielewa kazi yote ya mtu huyu. Katika samaki, aina hiyo ya kilango ndiyo inayoendesha misuli, ndiyo maana samaki anapooza. Katika sisi wanyama wanaonyonyesha, misuli hutumia aina nyingine, na ile ya kwanza inafanya kazi katika neva zinazopeleka maumivu kwenye uti wa mgongo. Kwa hiyo peptidi ileile iliyotengenezwa kumpoozesha samaki, ikiwekwa mahali pake kwa mtu, haimpoozeshi. Inanyamazisha maumivu. Desemba 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha kwa jina la zikonotaidi, nakala iliyotengenezwa maabara, ikifanana na ya konokono amino asidi kwa amino asidi.

Si panadoli. Haina njia ya kuingia ubongoni ukiimeza, hivyo hupelekwa kwa pampu moja kwa moja kwenye maji ya uti wa mgongo, na hutolewa kwa watu wenye maumivu makali ya kudumu ambayo dawa nyingine zimeshindwa. Inaweza kuleta kizunguzungu, kuchanganyikiwa, hata kuona visivyokuwepo. Faida yake kubwa ni kwamba mwili hauizoei kama unavyozoea mofini.

Sasa ile meza ya Kohn. Kila koni ana windo lake, kila windo lina vilango vyenye umbo lake, na kila spishi imetengeneza funguo zake kwa mamilioni ya miaka. Ndiyo maana ukijua nani anakula nini, unaweza kukisia sumu ya nani itafaa kufuli lipi. Olivera na wenzake walianza kutafuta koni hata wale wadogo wa kina kirefu ambao hakuna aliyewahi kuwachunguza, na hapo waliwategemea wavuvi wa Ufilipino wanaotumia nyavu ziitwazo lumun-lumun: mabunda ya nyavu kuukuu yanayozamishwa na kuachwa miezi, konokono wadogo wakajijengea makazi humo. Ujuzi wa kuzitega ni wa wavuvi.

Kwetu, ghuba ya Mnazi imo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, ikienda hadi maingilio ya mto Ruvuma. Mtwara tunajua baruti ilifanya nini miambani. Tulizoea kuhesabu hasara kwa kilo za samaki. Mwamba ukipasuliwa, spishi zinazogawana meza hupoteza meza, na koni aliyekuwa akila mnyoo wa aina moja tu hana pa kwenda na funguo zake.

Niliposimulia haya barazani, mama mkubwa, ambaye alikuwa akichambua kunde kama asiyesikiliza, akauliza kama wazungu wakija kumchukua konokono wetu tutapata nini. Si swali la mzaha. Mkataba wa kimataifa wa bioanuwai wa mwaka 1992 ulitamka kwamba nchi ina mamlaka juu ya viumbe wake, na kwetu mtafiti wa nje hutakiwa kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia kabla hajaanza. Karatasi ipo. Kinachosalia ni nani wa upande wetu atakuwa mezani mkataba unapoandikwa, akijua amino asidi 25 zinaweza kuwa na thamani gani. Mpwa wangu alinyamaza aliposikia hilo, na mimi sikumwongezea.

Jambo moja la kushika kabla hamjashuka pwani na watoto. Kwa sumu ya koni hakuna dawa ya kuipinga. Anayechomwa na geographus huweza kufa kwa sababu misuli ya kupumua imelala, huku moyo ungali unapiga. Tiba ni kumsaidia kupumua mpaka sumu iishe mwilini. Asitembezwe, kiungo kilichochomwa kifungwe kwa bendeji pana kisitikisike, apelekwe haraka hospitali yenye mashine ya kupumulia, na akiacha kupumua njiani apuliziwe mdomo kwa mdomo bila kukata tamaa. Usimkate, usimnyonye jeraha. Na kumshika koni upande mpana wa gamba hakusaidii, mrija wake hufika mbali kuliko unavyodhani.

Mpwa wangu alitafuta video kwenye simu, geographus akimmeza samaki, akampelekea mama mkubwa. Alivaa miwani, akatazama mpaka mwisho, akaomba irudiwe. Nilidhani atasema alituambia tangu zamani. Akaelekeza kidole kwenye kioo, si kwa konokono, kwa samaki. "Huyu ni wa kulala mashimoni," alisema. "Ndiyo maana kamkuta."